Mlango Uliofungwa Mara Mbili

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hii hutujia kila tusikiapo watu wakizungumza kwa wepesi juu ya ile miaka miwili, 2020 na 2021, nchi nyingi za dunia zilipowaamuru wananchi wakae majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Wako wanaosema kwamba taabu ilikuwa mara ya kwanza tu, na amri ilipotolewa mara ya pili watu walikuwa wamekwisha zoea. Wako na wanaosema kwamba mara ya pili watu walikuwa wakaidi, hawakutaka tena kutii. Sisi hatukubaliani na kauli ya kwanza wala ya pili. Leo twapenda kueleza sababu zetu, maana jambo hili lamgusa mfanya kazi katika mkate wake wa kila siku, na hapana ajuaye ni lini mlango utafungwa tena.

Tumechagua Uganda iwe kioo chetu. Nchi hiyo ni jirani, wengi wetu tuna ndugu na wateja huko, nayo ilifungwa mara mbili kwa amri kali: mara ya kwanza mwishoni mwa Machi 2020, na mara ya pili kwa siku 42 kuanzia tarehe 18 Juni 2021. Kenya nayo tutaitazama, na kwingineko tutapita kwa haraka.

MARA YA KWANZA

Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajapatikana nchini. Siku tano baadaye magari ya abiria na pikipiki za kupakia watu zilisimamishwa. Tarehe 30 Machi magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na ikatolewa amri kwamba mtu asionekane nje tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Amri hiyo ilitajwa kuwa ya siku 14. Ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena, hata magari ya abiria ya Kampala yakaruhusiwa kurudi barabarani mapema Juni, tena kwa nusu ya abiria wake. Vijana wa bodaboda hawakuruhusiwa kupakia mtu mpaka tarehe 27 Julai. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miezi minne kwa mtu ambaye kila asubuhi hutafuta chakula cha jioni.

Wenye kuuza vyakula sokoni waliruhusiwa kuendelea kwa sharti moja, nalo ni kwamba wasirudi makwao. Basi wanawake wa soko la Nakasero na masoko mengine ya Kampala walilala hapo hapo kando ya meza zao, wamefunga vyandarua juu ya mafungu ya ndizi na viazi, ili mji upate kula. Watoto wao walikuwa nyumbani chini ya ulinzi wa bibi au wa dada mkubwa. Wauguzi walikwenda kazini kwa miguu. Mama wajawazito walitakiwa kwanza kupata kibali cha mjumbe wa Rais wa wilaya kabla ya kupanda gari kwenda kujifungua, na sharti hilo halikuondolewa mpaka lilipokwisha kuleta misiba.

Lakini watu walivumilia. Kwa nini? Kwanza, ugonjwa ulikuwa mgeni, na mgeni asiyejulikana huogopwa. Picha za hospitali za Italia zilikuwa zimekwisha onekana katika kila simu. Pili, watu waliamini kwamba shida ingekuwa ya siku 14, na mtu akijua mwisho wa safari huweza kubeba mzigo mzito. Tatu, wengi walikuwa na chochote cha kuanzia: gunia la mahindi, fedha za chama cha kuweka na kukopa, mbuzi kijijini, au duka la jirani lililokubali kukopesha. Nne, palikuwa na huruma. Matajiri na makampuni walichanga fedha, vyakula na magari, na serikali ikaahidi kuwalisha watu milioni 1 na nusu katika Kampala na Wakiso.

La ajabu ni hili: katika miezi hiyo yote ya mwanzo ugonjwa wenyewe haukuwa umemwua mtu hata mmoja katika hesabu ya serikali ya Uganda. Kifo cha kwanza kilitangazwa Julai 2020. Mara ya kwanza, basi, wananchi waliumizwa na kinga kabla ya kuumizwa na ugonjwa. Hatusemi kwamba kinga haikufaa, maana huenda ni hiyo iliyozuia vifo. Twasema kwamba gharama yake ililipwa, na aliyeilipa twamjua.

KATIKATI YA MILANGO MIWILI

Kati ya kufungwa kwa kwanza na kwa pili ulipita mwaka mzima. Mwaka huo ndio twautaka msomaji autazame vizuri, maana ndani yake mna jibu la swali letu. Je, mlango ulipofunguliwa, ni nini kilichojengwa kabla haujafungwa tena?

Yako mambo yaliyojengwa. Mfano mzuri ni wa madereva wa malori. Aprili na Mei 2020 madereva hawa walitendewa kama ndio ugonjwa wenyewe. Mpakani Malaba malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi, na watu wakalala chini ya magari yao siku kadhaa wakingoja majibu ya vipimo. Dereva aliyepimwa upande mmoja alipimwa tena upande wa pili. Katika mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha mfumo mmoja wa kufuatilia madereva na vyeti vyao, ili cheti cha nchi moja kiaminiwe na nyingine. Matatizo hayakwisha yote, lakini mfumo ulikuwapo, na mwaka 2021 dereva hakuanza tena kutoka sifuri. Huu ni ushahidi kwamba kufungwa kwa pili kwaweza kuwa chepesi kuliko kwa kwanza, lakini si kwa sababu mtu amezoea. Huwa chepesi kwa sababu kitu kimejengwa.

Yako na mambo yaliyobomolewa, na kubwa kuliko yote ni imani. Mwaka wa uchaguzi ulikuja. Novemba 2020 mgombea mmoja wa urais alikamatwa kwa shtaka la kuvunja kanuni za ugonjwa katika mikutano yake, na katika siku mbili za ghasia na risasi zilizofuata watu wasiopungua 54 wakapoteza maisha. Hatuingii katika siasa za majirani zetu. Lakini mtu wa kawaida, aliyekaa ndani miezi mitatu kwa kuambiwa kwamba ni kwa ajili ya uhai wake, akaona sheria ile ile ya uhai ikifuatana na bunduki. Amri ya afya yahitaji kuaminiwa kama dawa ihitajivyo maji ya kuimezea. Yakikosekana maji, dawa hukwama kooni.

Na kulikuwa na chanjo. Machi 2021 Uganda ilipokea dozi 864,000 za kwanza katika mpango wa COVAX. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 40. Mwezi huo huo India, iliyokuwa ikitengeneza chanjo hizo, ikapunguza kuziuza nje kwa sababu ugonjwa ulikuwa umewaka kwao. Ilipofika Juni, siku ambayo wananchi wa Uganda walizihitaji kuliko siku nyingine yo yote, chanjo zilikuwa karibu kwisha.

MARA YA PILI

Mara ya pili mambo yaligeuka juu chini. Sasa ugonjwa ulikuwa kweli ndani ya nyumba za watu. Hospitali zilijaa, vitanda vya mahututi vikawa haba, mitungi ya oksijeni ikatafutwa usiku na mchana, na hospitali za watu binafsi zikadai mamilioni ya shilingi kwa mgonjwa mmoja. Jamaa waliuza mashamba ili baba apate hewa ya kupumua. Hofu ya mwaka 2020 ilikuwa hofu ya kusikia. Hofu ya mwaka 2021 ilikuwa ya kuona.

Ikiwa basi hatari ilikuwa kubwa zaidi, mbona watu wengi walitoka zaidi? Hapa ndipo wanaosema juu ya ukaidi wanapokosea. Mwenye duka aliyekopesha mwaka 2020 alikuwa bado hajalipwa. Gunia lilikuwa limekwisha liwa na mbuzi alikuwa amekwisha uzwa. Mwenye nyumba, ambaye labda mara ya kwanza alisamehe kodi ya mwezi mmoja, naye alikuwa na deni benki. Subira ya watu ni kama ghala. Aliyekula akiba ya ghala mwaka jana na asivune, mwaka huu hawezi kula subira. Mtu aliyetoka nje Juni 2021 kutafuta kibarua hakuwa amesahau ugonjwa. Alikuwa ameupima kwenye mizani pamoja na njaa ya wanawe, na njaa ikawa nzito zaidi.

CHAKULA AU FEDHA?

Msaada wa serikali nao ulibadilika, na mabadiliko hayo yafaa yachunguzwe na kila chama cha wafanya kazi.

Mwaka 2020 ulitolewa msaada wa chakula: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu, na kwa wagonjwa na mama wanaonyonyesha maziwa ya unga na sukari. Magari yalipita mtaa kwa mtaa, yakianza na mitaa ya maskini kama Bwaise. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kwamba haukumwuliza mtu kazi yake. Aliyekuwa na tumbo alihesabiwa. Ubaya wake ulikuwa kwamba ulikwenda polepole, ulikomea Kampala na Wakiso, na haukutosha. Mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, kilo 6 ni siku 12, na mlango ulifungwa zaidi ya miezi miwili. Tena mwenye nyumba hapokei maharagwe.

Mwaka 2021 zilitolewa fedha: shilingi 100,000 za Uganda kwa jamaa wapatao nusu milioni, zikitumwa kwa simu. Waliokusudiwa walitajwa kwa kazi zao, kama vile waendesha bodaboda, wapiga debe, wachuuzi, wahudumu wa baa, wasusi na walimu wa shule za binafsi. Uzuri wa fedha ni kwamba mama huamua mwenyewe kama leo anunue dawa au unga. Lakini fedha zilianza kutoka tarehe 8 Julai, siku 20 baada ya mlango kufungwa. Ukizigawanya kwa siku 42, hazifiki shilingi 2,400 kwa siku kwa nyumba nzima. Na asiyekuwa na simu iliyoandikwa kwa jina lake, au ambaye kitambulisho chake hakikulingana na namba yake, alibaki akitazama wenzake. Mara nyingi huyo ndiye aliyekuwa maskini kuliko wote.

Lipi lililo bora? Sisi twaona kwamba ubishi wa chakula au fedha wapita kando ya jambo lenyewe. Kasoro ya miaka yote miwili ilikuwa moja: orodha iliandikwa baada ya njaa kuingia. Rwanda, iliyoufunga mji wa Kigali Machi 2020, tena Januari 2021, tena Julai 2021, iligawa vyakula kwa kupitia viongozi wa vitongoji wanaozijua nyumba zao. Hatusemi kwamba huko hakukuwa na malalamiko. Twasema kwamba ni rahisi kumlisha mtu ambaye jina lake lajulikana tangu wakati wa shibe.

KENYA NA KWINGINEKO

Kenya haikufunga nchi nzima. Ilizuia watu kutembea usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, mpaka Julai. Siku ya kwanza tu ya amri ya usiku, kivukoni Likoni, wafanya kazi waliokuwa wakikimbilia kuvuka kurudi makwao walipigwa kwa virungu na mabomu ya machozi kabla hata saa yenyewe haijafika, na Rais akawaomba wananchi radhi kwa makosa ya polisi. Lakini mwezi huo huo serikali iliondoa kodi kwa kila mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, ikapunguza kodi ya bidhaa kutoka asilimia 16 hadi 14, na baadaye ikaanzisha Kazi Mtaani, vijana wakalipwa kwa kusafisha mitaa yao.

Machi 2021 njia zilifungwa tena, safari hii Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na saa ya kurudi nyumbani katika sehemu hizo ikarudishwa nyuma hadi saa mbili ya usiku. Msamaha wa mishahara midogo ulikuwa bado upo, lakini kodi ya bidhaa ilikuwa imekwisha rudishwa kuwa asilimia 16 tangu Januari. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli aliyepoteza kazi mara ya pili alinunua bidhaa kwa kodi kubwa kuliko alipopoteza kazi mara ya kwanza. Mlango ulifungwa tena, na mto uliokuwa umewekwa chini ya kichwa chake ukawa umeondolewa.

Mbali huko Uingereza, ambako watu wa England walifungiwa mara tatu, Machi 2020, Novemba 2020 na Januari 2021, serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanya kazi aliyesimamishwa, kwa kiwango kisichozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo ulidumu hadi Septemba 2021, ingawa sehemu ya serikali ilipunguzwa katika baadhi ya miezi. Huko nako mara ya tatu watu walikuwa wamechoka mno, katika baridi na giza la Januari. Lakini walichoka wakiwa na mshahara, na chanjo ilikuwa imekwisha anza kutolewa kwao tangu Desemba 2020. Mchovu mwenye tumaini na mchovu asiye na tumaini hawafanani. Hata hivyo waendesha mabasi, wauguzi na wapeleka vifurushi wa huko hawakukaa ndani hata siku moja. Katika nchi zote tulizozitaja, wengine walifungiwa nyumbani kwa sababu kuna wengine waliobaki nje wakiwahudumia.

DENI LA WATOTO

Liko jambo moja ambalo halikupumzika kati ya mlango wa kwanza na wa pili, nalo ni shule. Watoto wa Uganda walitoka madarasani Machi 2020. Wachache waliokuwa na mitihani walirudi Oktoba, wengine wakaanza kurudishwa kwa zamu mwaka 2021, na Juni shule zote zikafungwa tena. Hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Shirika la UNESCO lilihesabu karibu wiki 83 za kufungwa kote au nusu, muda mrefu kuliko nchi yo yote duniani, na wanafunzi waliohusika walikuwa kiasi cha milioni 15.

Walimu wa serikali waliendelea kupata mishahara. Walimu wa shule za binafsi, ambao hulipwa kwa ada za wazazi, hawakupata kitu. Mara ya kwanza wengi wao walingoja. Mara ya pili hawakungoja tena: walifyatua matofali, waliuza mboga, waliendesha bodaboda, na shule zilipofunguliwa si wote waliorudi kushika chaki. Wasichana wengi nao hawakurudi, maana walikuwa wamekwisha kuwa mama. Hapa hakuna wa kutuambia kwamba watu walizoea. Mtoto aliyeacha kusoma akiwa na miaka minane na akarudi akiwa na kumi hakuzoea kitu. Alipoteza, na deni lake linalipwa mpaka leo.

SOMO KWETU

Twajua wako wasomaji watakaosema: haya yalikuwa ya wenzetu, sisi Tanzania hatukufungiwa. Ni kweli. Hapa shule na vyuo vilifungwa Machi 2020, vikafunguliwa kati ya Juni mosi na tarehe 29 Juni, na masoko na mabasi yaliendelea. Lakini tusijigambe kwa jambo hilo. Idadi ya wagonjwa wetu iliacha kutangazwa mwisho wa Aprili 2020, na ilipita zaidi ya mwaka kabla haijaanza kutolewa tena. Asiyehesabu hasara hawezi kudai kwamba alipata faida. Tena mlango wa jirani ukifungwa, na wetu huumia: waulizeni madereva wetu, na wauza mchele na vitunguu wa mipakani.

Basi twafikiri yako mambo matatu yanayotupasa, nayo yote ni ya kufanywa sasa, wakati wa afya, si siku ile ya king'ora.

La kwanza ni orodha. Kila umoja wa bodaboda, kila ushirika wa soko, kila tawi la wafanya kazi liwe na daftari ya watu wake, wenye simu na wasio na simu, walio na jamaa wengi na walio peke yao. Daftari hiyo ikaguliwe kila mwaka na wenyewe, mbele ya wenyewe. Siku ya shida, msaada wa serikali utakuta njia imekwisha limwa.

La pili ni akiba ya pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kisiwe cha kukopeshana kwa biashara peke yake. Sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya siku ambayo wanachama wote watakosa kazi kwa pamoja, maana hiyo ndiyo siku ambayo mkopo hauna wa kuurudisha.

La tatu ni haki ya mgonjwa kukaa nyumbani. Kibarua asiyelipwa siku ya homa atakwenda kazini na homa yake, na ataigawa kwa wenzake. Hilo si ukaidi, ni hesabu. Waajiri na serikali waweke utaratibu ambao kwao siku ya ugonjwa haiwi siku ya njaa, nasi tusichoke kuudai.

Twarudia tuliyoanza nayo. Watu hawakuzoea kufungiwa, wala hawakuwa wakaidi. Mara ya kwanza walitoa walichokuwa nacho. Mara ya pili walitazama mikononi wakaona mna nini. Penye kitu kilichojengwa katikati, kama vyeti vya madereva, mzigo ulipungua. Pasipojengwa kitu, mzigo ule ule uliwekwa juu ya bega lililokwisha chubuka. Serikali yaweza kuamuru mlango ufungwe kwa siku moja. Ghala la nyuma ya mlango halijengwi kwa siku moja, na wa kuanza kulijenga ni sisi, leo, wakati mlango ungali wazi.